Nani Kilema?

Nikisema natoka Kilema, wapo wa Moshi mjini wanaocheka: "Eti nyie wote vilema?" Jamani, mnacheka msilolijua! Mganda akishindwa na jambo husema kinnemye, limenishinda. Kulemaa kwake ni okulemala. Kichaga nacho kina maana hiyo ya kushindikana, ndiyo maana wapo wanaolichambua jina Kilimanjaro kuwa kilema kyaro, kinachoushinda msafara. (Wengine hawakubali, wabishane.) Na Mswahili je? Mzigo ukizidi, si humlemea? Shina ni lile lile.

Ila Kiswahili chetu, nasema chetu, kimeliacha lililoshinda kikamng'ang'ania aliyeshindwa, tena kwa kiambishi cha kiti na kijiko: kilema, kiziwi, kipofu. Sheria ya 2010 inasema watu wenye ulemavu. Vizuri. Lakini juzi, kwenye ofisi moja ya umma, nimemwona mama wa baiskeli ya magurudumu matatu akihudumiwa nje, juani, kwa sababu ya ngazi tisa. Kwa Kichaga cha kwetu, kilema pale zilikuwa ngazi.