Mvuke unaoponya na mvuke unaoua

Ukimwambia mtu wa Barumbu kwamba kuna inchi ambako watu wanajifungia ndani ya kijumba cha moto ili watoke jasho, halafu wanakimbia kujitupa ndani ya maji, atacheka mpaka machozi. "Kama ni jasho, bakuye hapa kwetu saa saba ya muchana, batalipata bule!" Na mwenye kucheka hivyo ana haki. Huku karibu na ikweta hakuna anayewasha kuni ili apate joto. Mchimbaji anayeshuka shimoni asubuhi hatafuti jasho, jasho njo linamtafuta yeye.

Lakini tukishamaliza kucheka, tuangalie vizuri. Ndani ya ile desturi ya sauna kuna jambo moja linalomhusu kila mchimbaji wa Tshopo, pamoja na mke wake na watoto wake. Ni jambo la mwili wa mfanyakazi: unaoshewa wapi, na unaoshwa saa ngapi, kabla ya kufika nyumbani.

Kwanza tueleze sauna yenyewe. Ni desturi ya Ufini, ile inchi ya kaskazini mwa Ulaya ambayo Wafaransa wanaiita Finlande. Watu wake ni karibu milioni 5 na nusu, na sauna zao zinakadiriwa kufika milioni 3. Ni kusema karibu kila nyumba ina ya kwake. Inchi hiyo ina maziwa zaidi ya 180,000, na sauna ya zamani inajengwa pembeni ya ziwa, kwa miti. Kule wako hata ndugu zetu Wakongomani, maana Ufini imepokea wakimbizi wa inchi yetu. Basi siku moja mtoto wako anaweza kukuita umtembelee, na jirani yake Mfini akakualika saunani. Ujue mapema kinachokungojea.

Ndani ya kile kijumba kuna jiko la kuni, na juu ya jiko kuna mawe. Moto unawashwa muda mrefu mpaka mawe yashike joto, na hewa ya ndani inafika digrii 80, hata 100. Ile ya zamani kabisa haina bomba la moshi: moshi unajaa ndani, kuta zinakuwa nyeusi, halafu moto unaachwa uishe, moshi unatolewa nje, njo watu wanaingia. Unaoga kwanza. Halafu unakaa juu ya benchi, umetandika kitambaa chako. Mabenchi yamepangwa kama ngazi, na la juu njo lenye moto mkali. Mgeni akae chini. Mwenyeji anachota maji kwa upawa na kuyamwaga juu ya mawe, na mvuke unapanda. Mvuke huo una jina lake la heshima, *löyly*. Wengine wanajipigapiga mwilini kwa matawi mabichi ya mti unaoitwa betula, si kwa adhabu, ni kwa kuamsha damu. Ukishindwa, unatoka, bila haya. Unaingia ziwani polepole, unapoa, unakaa nje kimya, unakunywa maji, halafu unarudi ndani kama unataka.

Mtu wa kwetu atasumbuliwa na uchi. Kule kuwa uchi saunani si uchafu wala si matusi. Wanaume wanaingia peke yao na wanawake peke yao, isipokuwa watu wa nyumba moja. Mgeni akitaka kubaki na kitambaa kiunoni, aseme tu. Na mwenye ugonjwa wa moyo, au mama mwenye mimba, amwulize munganga kwanza. Pombe kabla ya sauna ni hatari, na mtu asiyejua kuogelea asiige wanaojitupa ziwani.

Lakini joto si kitu chote. Zamani wanawake wa Ufini walizalia saunani, kwa sababu palikuwa na maji ya moto na palikuwa mahali safi kuliko nyumba. Maiti pia zilioshwa mle. Wazee wao wanasema mtu akae saunani kama anavyokaa kanisani. Na mle ndani cheo kinabaki nje pamoja na nguo. Mwaka 1960, mwaka ule ule sisi tulipata uhuru, Rais Urho Kekkonen aliingia saunani nyumbani kwake pamoja na Khrushchev, mkubwa wa Umoja wa Kisovyeti. Watu wawili wenye inchi mbili zilizokuwa zimepigana vita, wamekaa wanatoka jasho benchi moja. Mwezi wa 12 mwaka 2020 UNESCO iliandika sauna ya Wafini katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Mwaka mmoja nyuma yake, mwezi wa 12 mwaka 2021, ikaandika rumba yetu ya Congo. Kwa hiyo kule hatuko wageni kabisa: orodha ni moja.

Na mvuke wenyewe tunaujua. Nani kati yetu hakuwekwa na mama yake chini ya bulangeti, sufuria ya maji ya moto mbele ya miguu, ndani majani ya mupera, sinda na limau? Nani hajui kwamba mama aliyezaa anakandwa kwa maji ya moto? Wakati wa Corona, mwaka 2020, watu wengi huku na kule Tanzania walijifukiza kila jioni. Tuseme kweli: mvuke unafungua pua, unalegeza misuli, unamtuliza mtu. Hauui malaria wala Corona. Mtoto mwenye homa anapelekwa kupimwa, hafunikwi bulangeti. Lakini kwamba mwili uliochoka unahitaji maji ya moto na utulivu, hilo bibi zetu walilijua bila kwenda Ulaya.

Sasa tuingie kwenye mungodi. Kule Ufini kuna mgodi unaoitwa Pyhäsalmi. Ulipatikana mwaka 1958, wakati mkulima alikuwa anachimba kisima chake akakuta jiwe lenye madini. Ukaanza kutoa shaba na zinki mwaka 1962, ukashuka mpaka ukapita metre 1,400 chini ya ardhi. Na kule chini, metre 1,410 hivi, walijenga sauna. Hawakungoja mgodi ufungwe ili wafikirie mwili wa mtu. Uchimbaji wa chini ulipomalizika mwaka 2022, mwenye mgodi alikuwa First Quantum Minerals ya Canada, kampuni iliyowahi kuchimba shaba Katanga, kule Lonshi na Frontier. Tena cobalt iliyotoka katika lundo kubwa la takataka za madini la Lubumbashi ilipelekwa mpaka mji wa Kokkola, Ufini, ili isafishwe huko. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba Ufini ni mbali. Madini yetu yanasafishwa kule. Na mchimbaji wetu je, yeye anasafishwa wapi?

Tunajua jibu. Creuseur wa dhahabu au wa almasi, kule Banalia, Bafwasende au Ubundu, anatoka shimoni saa kumi na moja ya jioni, matope mpaka masikio. Kama mto uko karibu, anajitupa mtoni, palepale mama wa chini anapochota maji ya kupika. Kama mto uko mbali, anarudi nyumbani vilevile. Mtoto anakimbia kumpokea, anamrukia shingoni. Mama anachukua nguo za kazi na kuzitia katika basani moja na nguo za mtoto mchanga. Vumbi la jiwe, lile linaloharibu mapafu na kumfungulia kifua kikuu mlango, limeshaingia kitandani. Baba alishuka shimoni peke yake, lakini shimo limefuata watu wote nyumbani.

Na kuna mvuke wa pili, huu ambao hauna jina la heshima. Ni mvuke wa merkire, ile Kiswahili cha vitabu kinaita zebaki. Mchimbaji anachanganya dhahabu na merkire, anapata kidonge, anakiweka juu ya mbabula na kukichoma ili dhahabu ibaki. Merkire inaondoka kama mvuke. Macho hayaioni na pua haiinusi. Inaingia ndani ya mapafu, inafika kwenye ubongo na figo. Mikono inaanza kutetemeka, kichwa kinasahau. Kwa mama mwenye mimba inapita mpaka kwa mtoto aliye tumboni. Na watu wanachoma kidonge hicho jikoni, mlango umefungwa, kwa kuogopa wezi! Ile mbabula inayochoma merkire usiku njo itapika uji wa watoto asubuhi.

Tulinganishe. Mfini anajifungia ndani na mvuke wa maji, anatoka amepona uchovu. Sisi tunajifungia ndani na mvuke wa sumu, pamoja na watoto. Na hapa mtu asidanganyike: kutoka jasho si dawa ya merkire. Mwenye kuuza "mvuke wa kutoa sumu" ni mwizi. Dawa ni kutoivuta: kidonge kichomwe mbali na nyumba, mahali pa wazi, ndani ya chombo cha kufunga kinachoitwa retorti, ambacho kinarudisha merkire irudi kutumika tena. Ni faida hata kwa mfuko, maana merkire inanunuliwa.

Ninajua watu watanijibu: "Sisi tunatafuta chakula, wewe unatuletea mambo ya kuoga." Ni jibu zito, siwezi kulipita. Mwenye njaa hafikirii sabuni. Lakini tuhesabu vitu vyenyewe. Miti inatoka porini. Shitingi mbili, moja ya upande wa wanaume, moja ya upande wa wanawake, maana akina mama wanaobeba maji na kuosha mchanga wanapata vumbi lile lile. Pipa la maji, moto chini yake, bidoni za kuchotea, sabuni. Kamba ya kutundika nguo za kazi, ili zibaki kule kule kwenye karieri. Shimo la kumwagia maji machafu mbali na mto, kama vile Wafini wanavyokatazana kutumia sabuni ndani ya ziwa. Gharama hiyo inapita sana feza ambayo PDG wa shimo anamaliza kwa bia siku ya kugawa mchanga? Sidhani.

Nani alipe? Si mchimbaji peke yake. Anayekula zaidi alipe zaidi: PDG, koperative, mwenye drague iliyo mtoni. Na pale panapofanya kazi kampuni kubwa, Code minier iliyogeuzwa mwaka 2018 inaidai itoe angalau 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji, na iandike cahier des charges pamoja nao. Katika vikao hivyo tunasikia watu wakiomba soko, daraja, nyumba ya shefu. Ni vizuri. Lakini ni nani anayeinuka kuomba mahali pa wachimbaji kuoga na kubadili nguo? Asipoomba mchimbaji, hakuna atakayemwombea.

Siombi tujenge sauna ya digrii 90 katika joto la Tshopo. Mtu aliyekwisha kumaliza maji ya mwili wake shimoni tukimtia tena ndani ya moto, tutamwua. Anachohitaji kwanza ni maji ya kunywa, kivuli, na maji ya kuoga. Ninachotaka tuchukue kwa Wafini ni utaratibu: kazi inaisha, mwili unaoshwa, watu wanakaa pamoja kidogo bila kuangalia nani mkubwa, ndipo kila mmoja anakwenda kwake akiwa mtu safi. Hata benchi lile lina faida. Mahali watu wanapokaa pamoja bila haraka, mmoja atasema anakohoa tangu mwezi jana, mwingine atasema ukuta wa shimo fulani umepasuka. Maneno hayo yanaokoa watu.

Akina mama, nanyi mnayo nguvu hapa. Msikubali kidonge kichomwe juu ya mbabula ya chakula. Msifue nguo za shimoni pamoja na za watoto. Baba akifika na matope, mpeni maji na sabuni nje kabla ya kumpa mtoto.

Na nyinyi wachimbaji, katika mkutano unaokuja wa koperative, kabla ya kuanza mabishano ya bei na ya mizani, mmoja ainuke aulize swali hili mbele ya wote: kwenye karieri yetu, mtu anaogea wapi? Msiache kikao kifungwe kabla mkubwa hajajibu.