Uchambuzi: Matoleo ya majaribio ya kompyuta na sauti ya mtumiaji

Na Mwandishi Wetu

MATOLEO ya majaribio ya mifumo endeshi ya kompyuta, yaani yale yanayotolewa kabla bidhaa haijaingia sokoni rasmi, kwa miaka mingi yalichukuliwa kuwa ni shughuli ya mafundi peke yao. Karani wa ofisini, mwalimu au mfanyabiashara hakuona haja ya kuyafuatilia. Alisubiri kompyuta mpya inunuliwe, akaiwasha, akakuta kila kitu kimekwisha kupangwa na watu asiowajua.

Hata hivyo, mwenendo wa mambo tangu mwaka 2011 unaonyesha kwamba ni katika matoleo hayo ndimo hukatwa mashauri yanayomgusa mtumiaji huyo kila asubuhi: kitufe kipi kibaki, menyu ipi ihamishwe, na hata kompyuta itunze kumbukumbu gani juu ya mtu anayeitumia. Matukio matatu ya kampuni ya Microsoft, pamoja na uzoefu wa mshindani wake wa siku nyingi, Apple, yanatosha kueleza ni lini sauti ya watumiaji husikilizwa, na ni lini hupita bila kuzingatiwa.

Kitufe kilichotoweka

Septemba 13, 2011, katika mkutano wa watengenezaji wa programu uliofanyika Anaheim, California, Microsoft ilitoa toleo la kwanza la majaribio la Windows 8. Wakati huo kampuni ilikuwa na hofu ya kuachwa nyuma, kwani Apple ilikuwa imeingiza iPad sokoni mwaka 2010 na watu wengi walianza kuamini kuwa zama za kipanya na kibodi zinakaribia ukingoni. Jibu la Microsoft likawa sura mpya kabisa: skrini nzima iliyojaa vigae vikubwa vya rangi, vilivyokusudiwa kuguswa kwa kidole.

Februari 29, 2012, mjini Barcelona, lilitolewa toleo la pili la majaribio, safari hii kwa umma mpana zaidi. Waliolipakua waligundua jambo ambalo halikutarajiwa. Kitufe cha Start, kilichokaa pembeni mwa skrini tangu Windows 95 ilipotolewa Agosti 1995, hakikuwapo tena. Aliyetaka kufungua programu alipaswa kusogeza kipanya hadi kwenye kona tupu ya chini, na aliyetaka kuzima kompyuta alipaswa kupeleka kipanya ukingo wa kulia, asubiri upau uliofichwa ujitokeze, aingie kwenye mipangilio, ndipo akione kitufe cha kuzimia.

Malalamiko yalianza mara moja, lakini kampuni ilikuwa na hoja yake, na hoja hiyo ilijengwa juu ya takwimu. Katika maelezo iliyoyatoa Oktoba 2011, Microsoft ilisema kuwa matumizi ya menyu ya Start yalikuwa yamepungua kwa asilimia 11 kati ya Windows Vista na Windows 7, kwa sababu watu wengi walikwisha kuzibandika programu zao kwenye mwambaa wa chini ya skrini. Kwa mantiki hiyo, menyu ilikuwa njiani kufa, na kuiondoa kulikuwa ni kuitangulia safari tu.

Hapo ndipo kosa lilipojificha. Takwimu zilihesabu mibofyo, lakini hazikuweza kupima kitufe kile kilikuwa na maana gani kwa mtu. Kitufe cha Start kilikuwa ni mahali pa kurudia pale mtumiaji alipopotea. Mlango wa dharura haupimwi kwa idadi ya watu wanaoupitia kwa siku.

Windows 8 iliingia sokoni Oktoba 26, 2012 bila kitufe hicho. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 17, 2013, Windows 8.1 ilikirudisha, ila kilimpeleka mtumiaji kwenye vigae vilevile. Menyu yenyewe ilirejea kikamilifu katika Windows 10, iliyotolewa Julai 29, 2015. Kutoka siku umma ulipoanza kulalamikia toleo la majaribio hadi menyu iliporudi ni miaka mitatu na miezi mitano. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huo Microsoft iliujenga kwa gharama yake yenyewe.

Mlango unafunguliwa

Somo hilo halikupotea bure. Septemba 30, 2014, ilipotangaza Windows 10 mjini San Francisco, kampuni ilitangaza pia mpango wa Windows Insider, ambao mtu yeyote aliyekubali masharti aliweza kujiunga nao, kupokea matoleo ya majaribio mfululizo na kutuma maoni kupitia programu iliyowekwa ndani ya mfumo wenyewe. Toleo la kwanza lilitoka siku iliyofuata, Oktoba 1, likiwa na menyu ya Start iliyounganishwa na vigae, uwezo wa kuwa na dawati zaidi ya moja kwenye skrini, na njia rahisi ya kupanga madirisha kandokando.

Tofauti na mwaka 2012 ilikuwa ya wazi. Zamani toleo la majaribio lilikuwa kama nyumba iliyokwisha kupauliwa, mgeni akaalikwa kuitazama. Sasa mgeni aliitwa wakati kuta bado zinapanda. Menyu ya Start ilibadilishwa mara kadhaa katika miezi kumi ya majaribio, na bidhaa ilipotoka haikupokewa kwa kelele kama zile zilizoiandama iliyotangulia.

Lakini mlango kuwa wazi si sawa na kusikilizwa. Mwaka 2021 jambo hilo lilijidhihirisha. Windows 11 ilitangazwa Juni 24, na toleo lake la kwanza la majaribio likawafikia wanachama wa mpango huo Juni 28. Ikoni zilihamishiwa katikati ya mwambaa wa chini, pembe za madirisha zikawa za mviringo, na vikaongezwa violezo vya kupangia madirisha. Pamoja na mapya hayo, kulikuwa na yaliyoondolewa: mwambaa haukuweza tena kupelekwa juu au pembeni mwa skrini, faili halikuweza kuburutwa na kudondoshwa juu ya ikoni iliyo kwenye mwambaa, na madirisha ya programu moja hayakuweza kuonyeshwa kila moja kwa jina lake.

Waliojaribu waliyataja mapungufu hayo mapema. Hata hivyo, mfumo uliingia sokoni Oktoba 5, 2021, siku 99 tu baada ya toleo la kwanza la majaribio, ukiwa na mapungufu hayohayo. Uwezo wa kuburuta faili ulirudi Septemba 2022, na majina ya madirisha mwaka 2023. Muda ulikuwa mfupi mno kwa maoni kuzaa mabadiliko, na tarehe ya mauzo ilikuwa imekwisha kupangwa.

Kumbukumbu isiyoombwa

Tukio la tatu ni zito zaidi, kwani halikuhusu mahali pa kitufe bali siri za mtu. Mei 20, 2024, Microsoft ilitangaza kipengele kiitwacho Recall kwa ajili ya kompyuta mpya zenye uwezo wa akili bandia. Kazi yake ni kupiga picha za skrini kila baada ya sekunde chache na kuzihifadhi ndani ya kompyuta, ili mtumiaji aweze baadaye kutafuta jambo lolote aliloliona: barua, picha, ukurasa wa intaneti au mazungumzo.

Mpango wa awali ulikuwa kukifikisha kwa wanunuzi Juni 18, 2024, kikiwa na lebo ya majaribio. Lebo hiyo haikuwatuliza wataalamu wa usalama wa kompyuta. Waliokichunguza walionyesha kuwa maandishi yaliyonaswa kutoka kwenye picha hizo yalikuwa yakiwekwa katika hifadhidata ambayo programu ya kihalifu, ikishaingia katika kompyuta, ingeweza kuyasoma bila taabu. Nchini Uingereza, mamlaka inayosimamia ulinzi wa taarifa binafsi ilisema inaitaka kampuni itoe maelezo.

Juni 7, Microsoft ilitangaza kuwa Recall haitawashwa mpaka mtumiaji mwenyewe aamue, na kwamba atalazimika kuthibitisha utambulisho wake kabla ya kuifungua. Juni 13, siku tano kabla ya tarehe iliyopangwa, ilikiondoa kabisa katika uzinduzi na kusema kitapitia kwanza kwa wanachama wa Windows Insider. Kiliwafikia wanachama hao Novemba 2024, na umma Aprili 2025.

Hapa mambo yalikwenda kinyume cha mwaka 2012. Malalamiko yalisikika kabla bidhaa haijawafikia watu, na mabadiliko ya msingi yalifanyika ndani ya wiki tatu. Sababu ni kwamba waliolalamika hawakuwa wapenzi wa kompyuta peke yao. Walikuwamo wataalamu wenye ushahidi na mamlaka ya serikali yenye meno. Maoni yanayotumwa kwa kubofya kitufe yana uzito mmoja, na maswali yanayoulizwa na msimamizi wa sheria yana uzito mwingine.

Apple nayo haikusalimika

Microsoft si peke yake. Septemba 2000, Apple iliuza toleo la majaribio la Mac OS X kwa dola 29.95. Katika toleo hilo, nembo ya tufaha iliyokuwa menyu muhimu upande wa kushoto ilihamishiwa katikati ya upau wa juu, ikabaki kuwa pambo lisilofanya kazi yoyote. Watumiaji wa siku nyingi walikasirika, na toleo kamili lilipotoka Machi 2001 tufaha lilikuwa limerudi kushoto likiwa na menyu yake.

Robo karne baadaye hadithi ilijirudia. Juni 9, 2025, kampuni hiyo ilionyesha macOS Tahoe yenye sura inayofanana na kioo, ambapo menyu na vitufe huruhusu kilicho nyuma yake kuonekana. Waliojaribu walisema maandishi yalikuwa magumu kusomeka. Katika toleo la kwanza la majaribio hata rangi za ikoni ya Finder, ule uso wenye tabasamu, ziligeuzwa. Toleo la pili likairudisha buluu upande wake wa kushoto. Mfumo ulitoka Septemba 2025, na Novemba likaongezwa chaguo la kukifanya kioo hicho kiwe kizito zaidi. Ikoni moja ilirekebishwa katika wiki chache. Suala la usomekaji, linalogusa sura yote ya bidhaa, lilisubiri hadi baada ya mauzo.

Upande wa pili wa shilingi

Mgala muue na haki yake mpe. Kampuni nazo zina hoja. Watu hawapendi kuhamishiwa vitu walivyovizoea, na kama kila malalamiko yangetiiwa, pasingekuwa na jambo jipya. Kitufe cha Start kilicholiliwa mwaka 2012 kilikuwa kigeni mwaka 1995 kwa waliozoea Windows 3.1. Aidha, kila njia ya zamani inayobakizwa kando ya mpya ni kazi ya ziada ya kupima na kulinda.

Lipo pia swali la nani hasa anayejaribu. Toleo la majaribio huhitaji kupakua gigabaiti kadhaa, na busara hutaka liwekwe kwenye kompyuta isiyotegemewa kwa kazi. Mwenye intaneti ya bei nafuu na kompyuta ya akiba hulimudu. Mwenye duka la kuchapa Kariakoo au mwalimu wa Kisumu mwenye mashine moja tu, ambaye hununua data kwa kupima, hayumo katika hesabu hiyo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wanaokijaribu kitanda hiki wengi wao si wale watakaokilalia kwa miaka mingi.

Ndiyo maana jambo lililofaulu mara nyingi si kurudi nyuma wala kulazimisha, bali kumwachia mtumiaji hiari. Ikoni za katikati za Windows 11 zingeweza kurudishwa kushoto kwa mpangilio mmoja, na suala hilo halikugeuka kuwa ugomvi. Recall ilipofanywa kuwa ya hiari, sehemu kubwa ya hofu ilipungua. Mwaka 2012 hiari hiyo haikuwapo, na hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa.

Hiari hiyo ina thamani kubwa zaidi sasa kuliko zamani. Watumiaji wengi waliikwepa Windows 8 kwa kubaki na Windows 7. Njia ya namna hiyo ina mwisho: huduma ya kawaida ya bure ya kuilinda Windows 10 ilikoma Oktoba 14, 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya kuwekewa Windows 11, ikiwamo chipu ya usalama ya TPM 2.0. Masharti hayo nayo yalitangazwa mwaka 2021, sambamba na matoleo ya majaribio, miaka minne kabla hayajaanza kuuma.

Kwa hiyo, habari za toleo jipya la majaribio zinapochapishwa, si habari za mafundi tena. Msomaji anaweza kuzipima kwa maswali matatu: je, jambo jipya linaweza kuzimwa, je, njia ya zamani imebakizwa, na je, kuna taarifa za mtumiaji zinazokusanywa, na zinawekwa wapi? Taasisi zinazonunua kompyuta kwa mamia, kama wizara, benki na vyuo, zina sababu kubwa zaidi ya kuuliza mapema, kwani mnunuzi mkubwa husikilizwa kabla hajalipa. Baada ya tarehe ya mauzo, kama menyu ya Start ilivyoonyesha, jibu linaweza kuchukua miaka mitatu na miezi mitano.