Kodi ya miezi sita inawanyima vijana kiwanja



Kijana anayetafuta chumba na sebule Tabata huanzia kwa dalali, na kabla hajauona mlango keshatoa hela ya kuonyeshwa. Akifika anakuta sakafu ya vigae, choo cha nje na luku ya kuchangiana na wapangaji wenzake. Anatajiwa kodi: 150,000 kwa mwezi. Anaridhika. Hapo ndipo anapoambiwa kwamba mwenye nyumba hapokei ya mwezi. Anataka miezi sita kwa mkupuo, na dalali naye anataka ya mwezi mmoja. Jumla ni shilingi 1,050,000, na zinatakiwa zote kabla ya kukabidhiwa funguo.

Anazitoa wapi?

Kuanzia Julai 2025 Serikali ilipandisha kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kutoka 370,000 hadi 500,000. Ni nafuu ya kweli na inastahili shukrani. Lakini hata mtumishi huyo, kwa chumba kile cha Tabata, anadaiwa zaidi ya mishahara miwili mizima kabla hajalala usiku wa kwanza. Aliyesoma kwa mkopo anakatwa na Bodi ya Mikopo asilimia 15 ya mshahara kila mwezi. Dereva wa bodaboda na binti anayeuza duka la mtu Kariakoo hawana hata hiyo hati ya mshahara ya kukopea.

Wazee huwahimiza vijana wanunue kiwanja mapema, Chanika au Mkuranga, waanze msingi na kupandisha tofali kidogo kidogo. Ushauri ni mzuri, na ndivyo sehemu kubwa ya Dar es Salaam ilivyojengwa. Ila fedha ya kiwanja ndiyo hiyo hiyo inayodaiwa na mwenye nyumba kila nusu mwaka. Kijana akijibana miezi mitano, wa sita akiba yote inahamia kwenye kodi. Wengine hukopa kwa riba za mtaani ili wasitolewe vyombo nje, na deni la kodi iliyopita huwa halijaisha nyingine ikifika.

Benki nazo ziko mbali. Sheria ya mikopo ya nyumba ilipitishwa mwaka 2008, na mwaka 2010 ikaundwa kampuni ya TMRC ili kuyapa mabenki fedha za muda mrefu, lakini riba bado inacheza kati ya asilimia 13 na 19. Benki inataka hati miliki. Kijana wa Chanika ana karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Nyumba 5,000 za mpango wa Samia wa Shirika la Nyumba la Taifa ni jambo jema, ila upungufu wa nchi nzima umekuwa ukikadiriwa kufika nyumba milioni 3.

Wenye nyumba wana hoja yao, na isipuuzwe. Mpangaji akigoma kulipa, kumtoa ni safari ndefu ya mabaraza, na wengi wao ni wastaafu wanaoishi kwa kodi hiyo. Basi walindwe kwa kesi kuamuliwa haraka na kwa dhamana ya mwezi mmoja, si kwa kukamua nusu mwaka mzima kutoka kwa mtu anayelipwa kwa mwezi.

Suala hili limefika bungeni zaidi ya mara moja na kuishia kwenye ahadi. Wizara ya Ardhi ipeleke muswada unaoweka kodi ilipwe kwa mwezi, au isizidi miezi mitatu kwa waliokubaliana hivyo kwa maandishi. Madalali wasajiliwe, na ujira wao alipe mwenye nyumba aliyewapa kazi. Wabunge wa Dar es Salaam waanze kuudai katika kikao kijacho, kwa sababu wapangaji hawa ndio wapiga kura wao.

Mpangaji,
Tabata, Dar es Salaam