Sanadi ya Khabari za Tiba

Maswali ya saumu mliyotuletea kwa barua twayaahirisha, nayo tutayajibu mwezi ujao inshallah. Kwani limetufikia jambo la jirani yetu ambalo twaona si lake peke yake, bali ni la nyumba nyingi za huku Temeke, na huko Kinondoni halikosekani.

Jirani yetu huyu ni fundi seremala wa Mbagala. Alitujia baada ya sala ya Isha, akaketi barazani, akasema: "Maalim, nimemnyang'anya binti yangu simu." Binti huyo yu mwaka wa pili katika chuo kimoja cha uuguzi. Kila usiku, akasema baba mtu, mwanga wa simu waonekana chini ya pazia mpaka saa saba, na fedha za bando zatoka katika kibweta cha nyumba. Juu ya hayo kulikuwa na ugomvi wa siku tatu. Mjukuu wake alishikwa na homa, akapelekwa kituo cha afya, akapimwa, akapewa dawa za kunywa na kurejeshwa nyumbani bila ya kutundikiwa dripu. Babu akaghadhibika, maana kwetu sisi, na msikatae, tiba isiyokuwa na dripu twaiona kama karamu isiyokuwa na wali. Yule binti badala ya kumuunga mkono baba yake akawatetea wauguzi, akasema ameyasoma mambo hayo katika simu. "Simu ndiyo inayomfundisha kunibishia," akasema mzee.

Tukamwomba aje kesho yake baada ya Alasiri, yeye na bintiye na simu.

Binti akaja, akatuamkia kwa adabu, nasi tukamwambia: "Marahaba mwanangu, tuonyeshe unachokisoma." Elimu yetu sisi ni ya chuo cha Qurani na shule ya msingi, na Kiingereza cha kusomea tiba hatunacho; kwa hiyo ikambidi asome mstari kisha afasiri, asome mstari kisha afasiri, kama tufanyavyo sisi kitabu cha fiqhi mbele ya wanafunzi. Mwanafunzi akawa mwalimu, na mwalimu akawa msikilizaji.

Alichotusomea kilichapishwa mwaka 2011 katika jarida la madaktari la Marekani, lakini habari zake ni za kwetu. Watoto 3,141 walitazamwa katika hospitali sita: nne za Uganda, moja ya Kilifi katika pwani ya Kenya, na moja ya Muheza, mkoa wa Tanga. Walikuwa watoto wenye homa kali, ambao damu yao haizunguki vyema. Kwa miaka mingi vitabu vilikuwa vikifundisha kwamba mtoto wa namna hiyo atiliwe maji mengi ya mshipa kwa haraka. Watafiti wakawagawa makundi matatu: mawili yakatiliwa maji ya haraka ya namna mbili mbalimbali, la tatu likapewa maji ya polepole tu, na wote wakapata dawa za malaria na za vijidudu kama kawaida. Katika muda wa saa 48, katika makundi yale mawili walifariki watoto kati ya 10 na 11 katika kila 100. Katika kundi la tatu walifariki 7. Utafiti ukasimamishwa kabla ya kutimia, kwa kuwa haikufaa kuendelea na jambo lililodhihirika madhara yake.

Tulipofika hapo mzee alinyamaza, nasi tukanyamaza. Waliowatilia watoto maji yale kabla ya hapo hawakuwa wazembe, walifuata vitabu. Lakini kitabu kilichopigwa chapa kabla ya 2011 hakijirekebishi chenyewe kabatini, na muuguzi asiyesoma ila hicho atakwenda na elimu yake ile ile wodini miaka 30. Basi mwanga ule chini ya pazia huenda siku moja ukawa ndio uhai wa mtoto wa mtu. Hatudai kwamba kila dakika ya simu ni masomo; binti mwenyewe alikiri kuwa humo mna na picha za harusi.

Akatuonyesha na jambo la pili, ambalo lilitupendeza kuliko la kwanza. Utafiti ule ulieleza wazi kwamba watoto wenye ugonjwa wa kuharisha hawakuwamo. Kwa hiyo mwenye kusoma nusu, akatoka kwenda kutangaza sokoni kwamba dripu huua, atakuwa ameongopa, na mtoto aliyekauka maji kwa kuharisha atakufa kwa uongo wake. Jambo la mjukuu nalo lilikuwa mbali zaidi: yeye hakuwa mahututi, alikuwa akinywa na kula, na dawa ya kinywa ilimtosha.

Hapa yatupasa tuseme letu, ijapokuwa ni aibu. Mwaka jana tuliletewa ujumbe katika simu, usiokuwa na jina la aliyeuandika, ukisema kwamba daktari bingwa wa hospitali kuu moja amethibitisha kuwa majani ya mlonge yakichemshwa na kunywewa siku saba hukata kisukari, na mgonjwa aache vidonge. Nasi tukausoma kwa sauti mbele ya kina mama baada ya darsa, tukidhani twawafaa watu. Bibi mmoja wa mtaa wetu akaacha vidonge vyake. Siku ya tisa alibebwa usiku kwa bajaji hali hajitambui. Alhamdulillahi alirejea, baada ya kulazwa siku nyingi, wala hakutulaumu, akasema tu, "Maalim, si ulisema wewe?" Maneno hayo yangali masikioni mwetu.

Na sisi ndio tunaofundisha sanadi! Mwanafunzi akituletea hadithi twamwuliza: umeipokea kwa nani, na huyo kaipokea kwa nani, naye alikuwa mkweli, mwenye hifadhi nzuri? Wapokezi wakikatika katikati twasema ni dhaifu. Aya ya 6 ya Suratul Hujurat yatuamrisha kuzihakikisha khabari kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua. Lakini khabari ya kisukari tuliipokea kwa mtu asiyejulikana, kutoka kwa daktari asiyetajwa, nasi tukaipandisha juu ya mimbari, kama tuwezavyo kusema.

Yule binti hutenda kinyume chetu. Hutazama nani kaandika na yuko wapi, mwaka gani, wagonjwa wangapi na wa namna gani, nani katoa fedha, na je, wengine wamerudia wakaona vivyo hivyo? Hata jina kubwa halimtoshi. Alitupa mfano wa jarida mashuhuri la London, ambalo mwaka 1998 lilichapa maandiko ya daktari Andrew Wakefield, yaliyosimama juu ya watoto 12 tu, yakiihusisha chanjo ya surua na usonji. Yalifutwa mwaka 2010, na mwandishi wake akaondolewa katika daftari la madaktari. Lakini hata leo maneno yale yanatembea mitaani kana kwamba hayakufutwa.

Wazazi wenye watoto katika vyuo vya afya huenda wakapenda kujua mambo hayo yapatikana wapi. Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji sita wakubwa walianzisha mwaka 2002 mpango uitwao Hinari, ili majarida ya tiba yenye bei kubwa yasomwe katika nchi zenye kipato kidogo, na taasisi za nchi yetu zimo katika wasomao bila ya malipo. Neno la siri hupewa chuo au hospitali, si mtu mmoja mmoja. Basi mwanafunzi na amwendee mkutubi wake aulize. PubMed, ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, iko wazi kwa watu wote tangu 1997, ingawa aghalabu huonyesha muhtasari tu. Tena uko mwongozo wa matibabu wa Wizara yetu ya Afya wa mwaka 2021. Na huo, binti asema, ndio wa kufuatwa wodini, si kila kilichosomwa jana usiku. Kwa sisi tusiokuwa wauguzi, Wizara inayo namba 199, ya kupigwa bila ya malipo.

Lakini karibu yote hayo ni kwa Kiingereza, na mtoto wetu kasoma miaka saba kwa Kiswahili. Kipo kitabu "Mahali Pasipo na Daktari", nacho chapatikana kwa lugha yetu. Mfano wake ni mchache. Wenye elimu hii wangetufasiria zaidi, tungewaombea dua.

Mzee aliirudisha simu pale pale, kwa sharti kwamba saa tano usiku izimwe, kwani na macho nayo ni amana. Tulidhani mkutano umekwisha, tukawa twakusanya vikombe. Akamgeukia bintiye: "Mimi nilipokuwa mdogo nilipona malaria kwa dripu ya kwinini. Nayo mmeikataa?"

"Kwa malaria kali siku hizi hutangulizwa sindano ya artesuneti, baba. Ilipimwa pamoja na kwinini kwa watoto 5,425 wa Afrika, na wa kwetu Tanzania wakiwamo. Waliopewa artesuneti walikufa wachache zaidi."

"Mwaka gani?"

"Ilitoka 2010."

Mzee akaivuta miwani yake kutoka mfukoni, ingawa na yeye Kiingereza hakijui. "Haya," akasema, "soma mstari, kisha fasiri."