Gari Likikataa Kuwaka Likiwa na Moto, Tusibahatishe

Asubuhi gari linawaka mara moja. Unaenda nalo sokoni, unazima, unarudi baada ya dakika kumi: stata inazunguka lakini injini haishiki. Ukingoja nusu saa, linawaka kana kwamba hapakuwa na neno. Wenye magari wengi wanayajua haya, na wanajua yanayofuata: plagi mpya, kisha koili, kisha pampu ya petroli, na ugonjwa uko palepale.

Kwa maoni yangu, huko si kutengeneza, ni kupiga ramli. Sisi tunaoandika programu tukipata hitilafu inayotokea mara moja moja, hatubadilishi mistari ovyo. Kwanza tunaifanya itokee tena, kisha tunapunguza washukiwa. Gari lililolala gereji limepoa, na ukilipima asubuhi utaambiwa halina shida. Lipimwe wakati limekataa.

Haya basi, tuangalie nini?

Kwanza, stata. Ikizunguka polepole, pima betri wakati huohuo. Volti zikishuka chini ya 9.6 hivi, shuku betri au stata yenyewe. Zisiposhuka, kagua nyaya.

Pili, stata ikizunguka vizuri, chomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari, uangalie mizunguko ya injini mtu akipiga stata. Ikibaki sifuri, shuku sensa ya krenki. Sensa hii ikichoka hukatika kwa joto na kurudi ikipoa, na bila habari zake magari mengi hayatoi cheche wala petroli.

Tatu, soma joto la maji. Injini ina moto lakini sensa inasema nyuzi 20? Basi kompyuta inadhani ni baridi na inamwaga petroli kupita kiasi. Magari mengi ya injekta hukata petroli ukikanyaga mafuta hadi mwisho huku ukipiga stata. Likiwaka kwa njia hiyo, petroli ilikuwa imezidi.

Nne, fundi apime presha ya petroli kwa geji. Ikianguka mara tu baada ya kuzima, petroli iliyobaki kwenye bomba la injekta huweza kugeuka mvuke kwa joto. Huenda injekta inavuja, au vali ya pampu haizuii vizuri petroli kurudi nyuma.

Na hata mashine ikitoa namba ya hitilafu, hicho ni kidokezo tu, si hukumu.

Lakini lawama zote tusiwatupie mafundi. Sisi wenye magari tunalipa spea bila kunung'unika, ila tukiombwa pesa ya kupima tunasema, "Fundi, si umeangalia tu?" Fundi asiyelipwa kupima atabahatisha, na anayelipia kubahatisha huko ni wewe. Safari ijayo mwambie hivi: "Fundi, nitakulipa upime kwanza. Spea tutanunua ukinionyesha kilichokufa."