Kanuni Bila Mazoezi Haimwokoi Rubani

Mwendesha baiskeli wa Nalasi, mkoani Ruvuma, afungapo gunia la korosho nyuma ya kiti chake, hujua mahali pa kuliweka ili gurudumu la mbele lisiinuke. Elimu hiyo hakuisoma kitabuni; mikono yake ndiyo iliyomfundisha.

Ndege nayo huhitaji kusawazishwa. Kazi hiyo hufanywa na bawa dogo la mkiani, ambalo mota ya umeme huliinamisha au kuliinua kidogo kidogo. Mota ikienda bila kuamriwa na rubani, pua ya ndege husukumwa chini au juu. Kanuni ya kujiokoa ni fupi: rubani akate umeme wa mota, kisha alirudishe bawa kwa kuzungusha gurudumu la mkono.

Wapo wanaodhani kwamba kanuni fupi namna hii yatosha kusomwa tu. Ajali ya Machi 10, 2019 yawakanusha. Ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia, aina ya Boeing 737 MAX, iliondoka Addis Ababa kwenda Nairobi, ikaanguka karibu na Bishoftu baada ya dakika sita hivi. Watu wote 157 walikufa, wakiwamo Wakenya 32. Kifaa kimoja cha kupima pembe ya bawa kilitoa habari za uongo, na mtambo uitwao MCAS ukaziamini, ukaisukuma pua chini tena na tena. Marubani walikata umeme kama kanuni isemavyo; gurudumu la mkono likakataa kuzunguka.

Sababu yake ni fizikia. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya hewa huongezeka mara nne. Ndege ilikuwa ikienda kasi mno, na mzigo wa hewa mkiani ukaishinda mikono ya binadamu.

Lawama ya kwanza ni ya waliobuni mtambo unaotegemea kifaa kimoja. Lakini mafunzo nayo yalipungua. Oktoba 29, 2018 ndege ya aina hiyo hiyo ilikuwa imeua watu 189 huko Indonesia, na baada yake marubani walikumbushwa kanuni kwa maandishi. Kukumbushwa si kuzoezwa. Ilipofika Novemba 2020 ndipo Marekani, ikiiruhusu ndege hiyo kuruka tena, ilipoagiza kila rubani wake aizoee hatari hiyo kwanza katika mashine ya kuigiza urukaji. Jambo hili latuhusu: Air Tanzania ilipokea ndege ya jamii hiyo mwaka 2023.

Latuhusu pia madarasani. Mwalimu anayekaririsha kanuni ya wenzo, hali ubao na mawe yamo uani, anamwandaa mwanafunzi kwa mtihani peke yake. Hapana budi kijana aguse, asukume, ashindwe, kisha aulize kwa nini ameshindwa. Heri gurudumu limkatalie darasani, ambako kukosea hakuui mtu.