Paka na Choo cha Binadamu: Ustaarabu au Dhuluma?

Waswahili hawalitaji jambo la choo kwa jina lake. Mtu huenda haja, huenda msalani, hujisaidia, aghalabu hujisitiri. Miongoni mwa wanyama wanaoishi na binadamu nyumbani, paka ndiye anayekaribia zaidi kuuelewa msamiati huo. Mbwa hujisaidia njiani mchana kweupe, na ng'ombe hajali yuko mbele ya nani. Paka huchimba, huchutama, hugeuka akanusa, kisha hufukia. Ajabu ni kwamba mnyama huyu mwenye stara ndiye ambaye baadhi ya wafugaji wanashikilia kuwa sharti afunzwe adabu ya choo, tena choo cha kukalia.

Wazo lenyewe si geni. Mwanamuziki wa jazi wa Marekani, Charles Mingus (1922-1979), aliandika kijitabu cha maelekezo baada ya kumfunza paka wake aliyeitwa Nightlife. Mbinu yake ilikuwa ya subira. Kisanduku chenye vipande vya gazeti husogezwa kidogo kidogo hadi bafuni, kikapandishwa juu ya choo, kikatobolewa tundu linaloongezwa upana siku baada ya siku, hata ikafika siku kisanduku hakipo tena na paka amesimama juu ya kikalio. Mnamo mwaka 2000, filamu ya Meet the Parents ilimwonyesha paka aitwaye Jinx mwenye ujuzi huo huo, watazamaji wakacheka. Vifaa vya plastiki vya kurahisisha mafunzo hayo navyo vikaingia sokoni.

Wanaoutetea mtindo huu wana hoja, na si haki kuzipuuza. Mkazi wa nyumba ya ghorofa jijini Nairobi hana ua ambao paka wake angeweza kuchimba. Mchanga wa dukani una gharama, na ule wa bure hupandishwa ngazi kwa ndoo. Kisanduku kisiposafishwa kila siku hunuka. Wageni hawasemi, lakini wanajua. Kwa mtu wa namna hii, paka anayeenda msalani ni neema.

Hata hivyo, yafaa kuuliza ni neema ya nani. Kila hatua ya mafunzo hayo humpokonya paka kitu. Kwanza hupokonywa mahali alipopazoea, halafu mchanga, mwishowe hata pa kukanyagia. Paka wa nyumbani alitokana na paka mwitu wa maeneo makavu ya Afrika na Asia Magharibi, na kuchimba na kufukia ni silika aliyozaliwa nayo. Aliyekwisha "kuhitimu" husimama kwenye ukingo mwembamba wenye utelezi, maji yakiwa chini yake, na baadhi yao wakishamaliza huparua kikalio au ukuta kwa kucha. Wenye nyumba hulifanya tendo hilo kichekesho. Kwa hakika mnyama anatafuta mchanga.

Madhara hayaishii hapo. Paka ni hodari wa kuficha maradhi, na kisanduku cha mchanga ni mojawapo ya mahali pachache yanapojifichua. Anayekisafisha kila siku hung'amua haraka kwamba mkojo umeongezeka, dalili inayoweza kuashiria ugonjwa wa figo au kisukari, au kwamba umepungua ghafla. Paka dume ambaye njia yake ya mkojo imeziba anaweza kufa katika muda wa siku chache tu asipotibiwa. Chooni, ushahidi wote huo huenda na maji. Isitoshe, paka huzeeka. Yule aliyeruka juu ya kikalio kwa wepesi akiwa na miaka miwili hataruka hivyo akiwa na miaka kumi na minne, viungo vikimuuma. Atajisaidia sakafuni, kisha atagombezwa kwa kukosa adabu.

Kuna pia suala la maji, ambalo watetezi huligusa kwa nadra. Kinyesi cha paka huweza kubeba mayai ya kimelea kiitwacho toksoplasma, ambayo hayauawi na klorini ya kawaida ya kusafishia maji. Katika pwani ya California, kimelea hicho kimewaua baadhi ya fisimaji wa baharini. Mwaka 2006 jimbo hilo lilipitisha sheria ya kuwataka wauzaji wa mchanga wa paka waandike kwenye mifuko kwamba usimwagwe chooni wala mitaroni. Wenye wasiwasi juu ya mama mjamzito wana sababu, kwa kuwa kimelea hiki huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Lakini mayai hayo huhitaji siku moja hadi tano nje ya mwili wa paka kabla ya kuweza kuambukiza. Kisanduku kikisafishwa kila siku, na mtu mwingine akiifanya kazi hiyo badala ya mjamzito, hatari hupungua sana. Fauka ya hayo, paka hajui kuvuta maji. Mwenye nyumba atavuta kwa niaba yake, na katika jiji ambalo maji hugawiwa kwa zamu, atayatoa kwenye mtungi ule ule wa kupikia.

Kabla ya mwaka 1947, Edward Lowe wa Michigan alipoanza kuuza udongo mkavu wa kunyonya unyevu, Wamarekani waliofuga paka ndani ya nyumba walitumia mchanga na majivu, vitu visivyokosekana Kenya hadi leo. Beseni pana, mchanga mkavu wa kina cha vidole vitatu hivi, kijiko cha kuchotea, na pembe tulivu mbali na sahani ya chakula vinatosha. Na kama yupo mfugaji anayeamini kwamba paka wake aliyehitimu anakipenda choo, aliweke beseni hilo kando ya choo usiku mmoja, aache mlango wazi, kisha asubuhi atazame paka amechagua wapi.